Ampu Ndogo na Sikio Lililobaki

Siku mume wangu alipoleta ampu mpya nyumbani niliipa jina palepale: mke mwenza. Msinicheke. Mtu anayerudi kutoka kazini kwake, na kabla hajanawa vumbi la mbao amekwisha kaa kitako mbele ya sanduku jeusi lisilozidi debe la mafuta, analipangusa kwa pindo la shati, anazungusha vidude vyake kimoja kimoja, huyo ana nini kama si mapenzi mapya? Nikamwambia, "Hata mie ulinipangusa hivyohivyo mwaka wa kwanza." Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kusema kweli, mke mwenza yule nilimposa mwenyewe.

Mume wangu ni fundi seremala. Karakana yake iko kando ya barabara kuu hapa Kibiti, na tangu ujana wake hupiga gitaa kwenye harusi za watu, kuanzia huku barabarani mpaka Utete, mpaka visiwani huko kwenye delta. Ampu yake ya zamani ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Kila harusi aliiweka ubavuni, upande wa kushoto, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyetuambia kuwa sauti nayo inakula. Ikalila sikio la kushoto lote. Tulipokwenda hospitali Mchukwi, na la kulia lilikuwa limeanza kulia nyenje mchana kutwa. Daktari akampima, kisha akazungumza na mimi badala yake, maana alikwisha kujua nani atakayesikia. Akasema la kushoto limekwenda, la kulia bado lina uhai, na kilichokwenda hakirudi. "Sikio si nywele, mama, kwamba litaota tena." Aache makelele, au apunguze sana.

Tulipofika nyumbani akavua kofia, akasema, "Kuacha siachi."

Sikubishana naye, namjua. Mnyime gitaa, atakaa mlangoni kuanzia alasiri kuuliza chakula kimeiva au bado. Ila niliogopa. Tuna watoto walioolewa na kuoa, wajukuu wanapiga simu, na mimi mwenyewe nina maneno mengi. Nilijiona nazeeka na mtu ambaye nitamwambia "chakula tayari" kwa kumgusa bega. Sikio lilikuwa moja, nalo niliapa halitaniponyoka.

Fundi redio mmoja sokoni ndiye aliyetufungua macho. Alisema siku hizi ziko ampu za kidijitali, ndogo, zenye efekti zao humohumo ndani. Ya zamani, ili itoe ule mlio mnene wanaoupenda watu, lazima uikaze mpaka ukuta utetemeke. Hii inautengeneza mlio huo kwa akili ya ndani, hata sauti ikiwa ya chini. Ukipenda unachomeka spika za masikioni, jirani hajui kama unapiga. Nikaona hapo ndipo. Tukapatana, mimi na mume wangu, kama watu wanaogawana shamba: yeye atapiga, sauti nitaishika mimi.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza ndicho ninachofundisha shule ya msingi tangu nina kiuno cha msichana. Yeye hakusoma mpaka huko. Basi jioni nikawa nasoma, natafsiri, naye amekaa mkekani ananisikiliza, sikio la kulia limeelekezwa kwangu. Mambo hayakuwa mepesi, jamani. Juu ya nobu ya kwanza, na nobu ndio hivyo vidude vya kuzungusha, paliandikwa "gain". Nikamwambia kwa madaha, "Hii ni faida."

"Faida ya nani?"

"Sijui, ya ampu."

"Kwa hiyo nikizungusha napata faida?"

Tulipojaribu tukaona inayozidi ni makali ya mlio, na ukizidisha gitaa linakohoa. Tangu siku hiyo ile efekti ya kukwaruza tunaiita kikohozi. Ile inayofanya gitaa lisikike kama linapigwa ndani ya shimo refu tukaiita kisima. Inayorudia noti mara mbili mara tatu ni mwangwi, na inayofanya gitaa moja liwe kama mawili yanayokwenda bega kwa bega ni mapacha. Kitabuni yana majina mengine, ila kwangu hayo ndiyo majina yake.

Mambo ya usalama niliyasoma mara mbili mbili, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Plagi ya ampu ina pini tatu. Mpiga ngoma wa kikundi chao, mtu mwema lakini ana haraka, alikuja siku ya kwanza na koleo mkononi. Ekstensheni yake ya harusini ilikuwa ya matundu mawili, kwa hiyo alitaka kuikata pini ya tatu "maana hiyo haina kazi". Ebo! Nilimnyang'anya koleo. Pini hiyo ndiyo ya ethi, ndiyo inayopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Gitaa lina nyuzi za chuma, na vidole vya mpigaji havitoki kwenye nyuzi. Ukiikata, umeme ukipotea utapita wapi kama si mkononi mwa mume wangu? Nikapiga marufuku pia ile tabia yao ya kuchomeka nyaya uchi kwenye soketi na kuzibana kwa vijiti vya kiberiti. Alilalamika kwamba wamefanya hivyo miaka yote na hajafa mtu. Nikamwambia aendelee kwa ngoma yake, ngoma haina waya.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Alikuja kututembelea, akaiona ampu imekaa wazi juu ya kijimeza, akasikitika. Kwao kitu cha thamani hufunikwa: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake. Akakaa wiki nzima anafuma kwa kulabu, kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, akakivisha ampu yote, mbele na nyuma. Kilipendeza, sitakataa. Lakini nyuma ya ampu pana matundu ya kupumulia, na baada ya saa moja ya gitaa ukiigusa inachoma kama pasi. Nikakitoa. Mama mkwe akanuna.

"Mkaza mwana, mbona unamwacha mwenzio uchi?"

"Mama, anaona joto."

Tukaelewana kitambaa kikae chini yake, kama zulia. Hata sasa kiko hapo.

Utaratibu nilimkaririsha kama wanafunzi wangu wanavyokariri. Kwanza nobu zote chini kabisa. Kisha chomeka waya wa gitaa. Kisha washa. Subiri. Inama karibu, usikilize kama inanguruma vibaya. Ndipo uongeze, kidogo kidogo. Ukimaliza, shusha kwanza, zima, ndipo uchomoe. Alikuwa anakariri amefumba macho, ananidhihaki, lakini anakariri. Spika za masikioni nazo zilinipa wasiwasi kuliko vyote, maana zinamwaga sauti ndani kwa ndani. Nikaweka sheria: hazivai mpaka nizijaribu mimi kwanza, kama mama anavyoonja uji kabla hajamlisha mtoto.

Na kiasi cha sauti nilikiweka mwenyewe, kila siku, kwa mkono wangu. Nobu zile hazina namba, zina mstari mweupe tu, na kitabu hutaja mahali pa mstari kwa saa, kama mshale wa saa ya ukutani. Kilisema kwa chumba kidogo, na kwa mtu anayekaa karibu, sauti kuu isizidi "nine o'clock". Nikawa nazungusha huku nasema, "Saa tatu, bwana, basi, hapohapo." Yeye ananiangalia usoni, hatazami mkono. Ilikuwa desturi yetu, kama bismillahi.

Hapa sina budi kueleza jambo la nyumbani kwetu. Kwetu kuna saa mbili zisizosalimiana. Moja ni yangu ya ukutani, kama saa za watu wengi: ikiwa saa tatu asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa, nasi tunageuza kichwani bila hata kufikiri. Ya pili ni ya mkononi kwa mume wangu, aliyoachiwa na baba yake. Hiyo ni ya Kiswahili kwelikweli, imetegwa hivyo tangu enzi za mzee. Saa tatu ikifika, mshale uko kwenye tatu. Nimemtania mara ngapi kwamba saa yake iko nyuma masaa sita, naye hunijibu kwamba yangu ndiyo imepotea njia, inasema tisa huku watu wanakunywa chai.

Miezi ikapita hivyo, miezi mizuri. Baada ya swala ya alasiri gitaa linaanza, kisima kidogo, mapacha kidogo, sauti ya chini kiasi kwamba nikiwa jikoni nasikia mchele ukianguka kwenye ungo. Siku moja mvua ilianza kunyesha, akanyanyua kichwa, akasema, "Mvua hiyo." Nilikuwa sijaisikia mimi. Nikaenda uani nikalia kidogo kwa furaha, kisha nikaanua nguo. Nyenje wamepungua, alisema. Nikajivuna, nisiseme uongo. Nilijiona mimi ndiye daktari.

Kisha ikaja harusi ya binti wa dada yangu, kule Maparoni.

Walitaka gitaa la baba mdogo, na nani angekataa? Tulishuka Nyamisati, tukachukua boti ya mashine, tukapita kwenye mifereji ya mikoko mpaka nikasahau tumetokea wapi. Ampu tuliifunga kwa nailoni, tukaitia kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko, naye akaipakata njia nzima. Abiria mmoja mama akamwuliza kama ni keki ya harusi. Akaitika kwa kichwa, akatabasamu. Hakuwa amemsikia.

Kule umeme ni wa jenereta, na nilikwisha kumwambia mpiga ngoma: jenereta liwashwe kwanza, litulie, ndipo ampu ichomekwe, maana likianza huwa linarusha umeme juu na chini. Alitii. Tatizo lilikuwa langu mimi. Bibi harusi ni mwanangu, mimi ni mama yake mdogo, na wanawake walikwisha kunisubiri ndani. Siku kama hiyo huwezi kukaa uwanjani na wanaume kushika nobu. Watu wangesema nini? Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: "Faida: saa nne. Sauti kuu: saa tatu, isizidi. Washa, subiri, inama usikilize, ndipo upige."

Akaisoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Usinifanyie ukaidi leo," nikamwambia. "Watu watakupigia kelele uongeze. Usiongeze."

"Leo nitakusikia, mwalimu."

Nikaenda ndani. Nilikuwa nimekaa na hina mbichi kwenye viganja, bibi harusi ameegemea goti langu, shangazi mmoja anasimulia mambo ambayo siwezi kuyaandika, wanawake wanavunjika mbavu. Nje jenereta likanguruma, likatulia. Nikasema moyoni, vizuri, wanafuata utaratibu.

Halafu ukaja mlio. Sijui niuelezeje. Ulikuwa mshindo mmoja wa nyuzi zote sita, mkali, ukapasua kila kitu, na nyuma yake mluzi mrefu. Kuku wakaruka. Mtoto mchanga akaanza kulia. Nilidhani jenereta limelipuka, na mguu ulinitoka kabla ya akili. Nilikimbia peku, hina inanitiririka mpaka kwenye viwiko.

Mpiga ngoma alikwisha kushusha nobu zote na kuchomoa plagi. Mume wangu alikuwa amekaa chini mchangani, gitaa limelala mapajani, kiganja kimeziba sikio la kulia. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwita. Aliangalia mdomo wangu.

"Nimeongeza mwenyewe," akasema. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama watu wasiojisikia. "Tamaa tu. Nimeongeza mwenyewe."

"Na karatasi?" Nikamwonyesha kwa mikono: karatasi, karatasi!

"Imeangukia majini."

Lahaula. Nilimwacha palepale mchangani nikarudi ndani, nikafunga mlango wa chooni, nikauma kanga. Hasira iliyonishika siwezi kuisema. Miezi yote ile, uji naonja, nobu nazungusha, halafu nampa kisogo nusu saa tu, mtu mzima na mvi zake anashindwa kujizuia. Harusi iliendelea kwa ngoma tupu. Nilicheza, nikapiga vigelegele, maana mwana wa dada haolewi mara mbili. Lakini sikumtazama hata mara moja.

Siku tatu hakusikia chochote. Tulirudi kwa daktari, akampa dawa, akasema tusubiri. Baadaye vitu vikaanza kurudi, vizito kwanza: lori barabarani, ngoma, mlango unaogongwa, nyuzi nene za gitaa. Vyembamba havikurudi. Birika likichemka na kupiga kelele yeye anasoma zake. Ndege hakuna. Uzi mwembamba wa gitaa anaugusa kwa kidole kujua kama unatikisika. Na mimi, daktari alisema, sauti yangu iko huko juu, pamoja na ndege na birika. Sauti za wanaume anazipata nusu nusu. Za kike, na hasa yangu, zimekwenda.

Basi nikapayuka. Mtu ambaye hakusikii unaweza kumwambia mengi. Nilimsema akiwa anakula, nilimsema akiwa anatawadha, nilimsema kwa mama mkwe, kwa majirani, kwa walimu wenzangu wakati wa chai. "Kaongeza mwenyewe! Kwa mkono wake!" Watu wakatikisa vichwa. Gengeni mwuza mchicha akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa, mwalimu," nami nikacheka nao. Nilicheka, tena kwa nguvu. Yeye akipita watu wanamtania, "Mzee wa kuongeza!" naye huinua mkono kuwapungia, sijui alisikia, sijui alikisia.

Ilikuwa katikati ya muhula, nasahihisha madaftari barazani. Somo lilikuwa kutaja saa kwa Kiingereza, somo nililolifundisha mpaka ningeweza kulifundisha usingizini. Niliwapa wachore saa, waweke mishale, waandike chini yake kwa lugha zote mbili. Daftari la kumi au la kumi na moja, mwanafunzi ameandika vizuri kabisa, "nine o'clock, saa tatu", na mshale mfupi ameuelekeza kwenye tatu. Kosa la kila mwaka. Nikaweka mkasi mwekundu wa kosa, nikaandika pembeni, "Tazama tena."

Kalamu ikasimama.

Nikaiweka juu ya madaftari. Kisha nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya ampu. Haikuwa imeguswa tangu Maparoni. Nikaishika nobu ya sauti kuu, nikauweka mstari mweupe pale nilipokuwa nikiuweka kila siku: kushoto, mahali pa tisa. Chini, sauti ndogo. Halafu nikauzungusha mpaka kwenye tatu. Ukapita juu, ukapita kileleni, ukashuka upande wa kulia, ukakaribia mwisho wake. Na ile nyingine, faida, nikaizungusha kwenye nne. Hapo ni karibu na ukingoni kabisa.

Nilimwona kama nilikuwepo. Amevua saa ya baba yake mkononi, ameiweka kando ya ampu, karatasi yangu ameifungua juu ya goti. Seremala, mtu wa vipimo. Anaweka mstari sawasawa kama unavyokuwa mshale wa saa yake. Anawasha. Anasubiri. Anainama, sikio la kulia karibu kabisa na spika, kama nilivyomwagiza, anasikiliza kama inanguruma. Anapiga. Kila neno alilifuata. Maisha yake yote nimelalamika kwamba huyu mwanamume hanisikii, na siku aliyonisikia ndiyo siku hiyo.

Nilitoka na daftari la mwanafunzi, sikukumbuka hata kujitanda. Karakana yake si mbali, ng'ambo ya barabara, baada ya stendi ya bodaboda. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilisimama upande anaoniona, nikafungua daftari juu ya ubao, nikaweka kidole kwenye mshale. Kisha nikaonyesha saa yake mkononi. Kisha nikajigusa kifua.

Akaangalia ule mkasi mwekundu. Akafuta vumbi la mbao juu ya karatasi kwa nyuma ya kiganja, taratibu.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza kwa kidole, kwa macho, tangu lini?

"Siku ileile. Pale mchangani nilijua tu karatasi niliifuata, nikahofia usije ukajilaumu; kwenye boti tukirudi ndipo nikahakikisha. Nilimwuliza mwenye boti saa ngapi, nikawa sisikii anachojibu, akanionyesha simu yake. Ina saa ya mishale. Saa kumi na moja, mshale uko kwenye tano." Akaigusa saa ya baba yake. "Karatasi haikuangukia majini, ilikuwa bado mfukoni. Niliitupa tulipofika katikati ya mto."

Sasa niliongea, maana sikuweza tena kwa vidole. Nikamwuliza kwa nini hakusema, wiki zote hizi ninamtukana, ninamtangaza mji mzima, watu wanamcheka. Sijui alipata neno gani. Alisoma uso wangu tu.

"Ningesema nini? Ulikuwa unanilinda. Ningekwambia, usingegusa tena kile kitabu. Nami peke yangu siwezi kukisoma." Akashika randa. "Acha wanicheke mimi. Mie nimezoea, tena siwasikii."

Nikasema, "Nisamehe."

"Eh?"

Nikakisogelea kile kichwa chenye mvi, upande wa kulia, nikasema tena, "Nisamehe, baba watoto."

Akatikisa kichwa, akakunja uso, akaweka mkono nyuma ya sikio. Hakuwa anatania. Kweli hakusikia. Neno lenyewe ni jembamba, na mimi nililisema kama linavyosemwa, chinichini. Nikajaribu tena kwa sauti ya kawaida. Akaangalia midomo yangu, na midomo ilikuwa inatetemeka, haisomeki.

Basi nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, pale barabarani, mwalimu wa watu, kichwa wazi:

"NISAMEHE!"

Vijana wa bodaboda wakageuka wote. Mwuza mchicha akasimama na fungu mkononi. Kondakta wa basi akatoa kichwa dirishani. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, sauti ikanikatika.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

"Hilo nimelisikia," akasema, akalisogeza daftari pembeni lisichafuke, akaendelea kupiga randa.